Jini Mpenzi na Wasomaji Wake

(Maelezo haya yalisomwa redioni juma lililopita.)

NDUGU msomaji, siku chache zilizopita nilikuwa Kibaigwa, ule mji wa mahindi ulioko wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Nilikuwa nangoja lori. Wala sikuwa peke yangu. Kibaigwa kila mtu hungoja lori: mkulima analingoja limchukulie magunia yake, kuli analingoja apate kupakia, dalali analingoja apate chake cha katikati, na mama lishe anangoja hao wote walipwe ndipo wamlipe yeye. Na mahali ambapo watu wanangoja, gazeti hupata kazi.

Gazeti lenyewe lilikuwa moja tu. Lilishikwa na kijana mmoja, utingo wa lori, na watu kama wanane hivi walikuwa wamemzunguka, wengine wameketi juu ya magunia ya lumbesa. Hakuwa anasoma habari za Bunge, ingawa Bunge lenyewe liko Dodoma, si mbali na hapo. Alikuwa anasoma hadithi ya mfululizo. Mfanyabiashara mmoja amekutana usiku barabarani na mwanamke mzuri kupita kiasi. Wameoana. Mali inamiminika kama mvua ya masika. Sharti ni moja tu: asimwambie mtu yeyote mkewe ni nani, kwa maana mkewe ni jini. Sehemu ya juma hilo iliishia pale mama mzazi wa yule bwana anapogonga mlango, anataka kujua huyu mkwe wake ni mtoto wa nani na kwao ni wapi.

"Itaendelea," akasoma utingo, na papo hapo ubishi ukaanza.

Kuli mmoja alisema yule bwana ni mjinga; angemwambia tu mama yake kwamba mke ni wa Tanga, basi yangekwisha. Watu wakacheka sana. Dalali akasema mali ya namna hiyo haina mwisho mwema, kwani yeye mwenyewe amewaona watu hapo hapo Kibaigwa walioinuka msimu mmoja, na msimu wa pili wakawa wanaomba nauli ya kurudi makwao. Mama lishe, huku akikoroga maharage, akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema katika hadithi nzima mwenye makosa ni mume. Jini ametimiza kila alichoahidi, na mume ndiye anayetafuta njia ya kuvunja ahadi. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza neno moja tu: "Lakini jambo hili lilitokea kweli?"

Swali la mzee huyo nimelisikia mara nyingi katika kazi yangu. Wasomi wa vitabu huuliza kama hadithi imeandikwa vizuri. Msomaji wa kijiweni huuliza kama ni kweli, na kwa sababu hiyo mara nyingi amechekwa. Mimi naona hastahili kuchekwa. Swali lake lina historia, na historia hiyo ndiyo ninayotaka tuifuate leo.

Tuanzie pwani, maana majini yetu ya kwenye karatasi yalitokea huko. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Unguja na ambaye baadaye akawa askofu, alichapisha kitabu cha hadithi alizosimuliwa na Waswahili. Ndani yake yumo Sultani Darai na yule paa, yumo pia mfalme wa nyoka anayesema na watu. Baadaye, katika zama za Mwingereza, zikaja tafsiri za Alfu Lela Ulela, na watoto wa shule wakayakuta majini ya Baghdad yakizungumza Kiswahili safi. Katika hadithi hizo zote kiumbe asiye mtu hana kioja chochote. Yupo kama vile punda alivyopo.

Sasa, mbona msikilizaji wa siku zile hakuuliza kama ni kweli? Hakuuliza kwa sababu alikwisha jibiwa. Bibi aliposema "Paukwa!" na wajukuu wakaitika "Pakawa!", mlango ulikuwa umefunguliwa. Kila aliyekuwepo alijua kwamba ameingia nyumba nyingine, na kwamba mwisho wa hadithi atatoka humo na kurudi kwenye dunia ya kuchota maji na kuchunga mbuzi. Huku bara nako ni vivyo hivyo. Kila kabila lina namna yake ya kufungua na ya kufunga. Jini, zimwi na mzimu walikuwa na saa zao na mahali pao.

Shaaban Robert alipoandika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, aliuacha mlango huo wazi kwa njia ya majina. Mtu anayeitwa Adili, mwenye ndugu wanaoitwa Hasidi na Mwivu, hawezi kuwa jirani yako wa Ilala. Humo mna mapenzi na mna jini. Lakini tazameni alivyoyatenga. Mwanamke anayependwa na Adili ni Mwelekevu, binadamu kama yeye. Huria, ambaye ni jini, ni mwenye kulipa fadhila: alitendewa wema, naye anaulipa, na ndugu wabaya anawageuza kuwa manyani. Jini wa Shaaban Robert haolewi na mtu, na msomaji hakuambiwa amtafute mtaani.

Kisha akaja Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alikuwa mwandishi wa habari wa Unguja, mhariri wa magazeti, mtu wa kazi kama yangu. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, na ikatoka kuwa kitabu mwaka 1960. Maiti imekutwa mahali pa mzimu. Watu wote wanajua, au wanadhani wanajua, nani ameua: mzimu umeua. Ndipo anapokuja Bwana Msa na kiko chake mdomoni, anakaa, anavuta, anauliza maswali madogo madogo yasiyo na maana, na mwisho anawaonyesha kwamba aliyeua ana mikono na miguu na sababu zake za kibinadamu. Kitabu hicho kilisomwa kweli kweli. Kilisomwa shuleni, kilisomwa vyomboni baharini, na kwa miaka mingi kijana akisema neno la werevu aliitwa Bwana Msa.

Naomba tukae hapo kidogo. Mwaka 1960 ni mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Kitabu kinampa msomaji mzimu, kinamtia hofu, kinamnyima usingizi, halafu kinamwambia: sasa washa taa utazame. Kile alichokiita mzimu kimegeuka kuwa mtu. Kwa hiyo yule mwenye kuuliza "ni kweli?" alipata jibu lililokamilika mle mle kitabuni, wala hakuhitaji kumwandikia mhariri.

Miaka iliyofuata sitakaa nayo sana. Palikuwa na elimu ya watu wazima, palikuwa na elimu ya msingi kwa wote kuanzia mwaka 1977, na mamilioni ya watu wakajua kusoma. Vitabu vilivyochapishwa na mashirika ya umma vilikuwa na kazi ya kujenga taifa, na jini hana kadi ya kijiji. Uchawi ulipoandikwa uliandikwa kwa uzito, kama alivyofanya C. G. Mung'ong'o katika Mirathi ya Hatari mwaka 1977, ambamo kijana anarithi kwa baba yake kitu kinachomwangamiza. Hapo hapo, kwa upande mwingine wa meza ya muuza vitabu, zilianza zile riwaya nyembamba za mapenzi na upelelezi ambazo walimu walizinyang'anya na kwenda kuzisoma wenyewe nyumbani. Lakini hata humo mpelelezi alikuwa na bastola, na adui alikuwa mtu.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1990. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yakatoka kwa wingi, na kila gazeti lilitafuta kitu kitakachomrudisha mnunuzi juma lijalo. Kitu hicho kilikuwa hadithi ya mfululizo. Eric Shigongo na magazeti ya kampuni yake ya Global Publishers ndio waliofanya hadithi ya aina hiyo kuwa biashara kubwa, na wasomaji wake walimjua kwa jina hata mahali ambapo mbunge wao hawakumjua. Baadaye, mwaka 2020, akawa mbunge yeye mwenyewe, wa Buchosa. Si hadithi zote za magazeti hayo zilikuwa za majini. Nyingi zilikuwa za mapenzi, usaliti na machozi. Lakini katika kundi hilo zima ndimo alimopatia nafasi jini mpenzi, na tangu hapo hajaondoka. Alipata hata sinema: Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka mwaka 2003, na miaka michache baadaye Shumileta, ambamo kiumbe wa kike asiye wa dunia hii anampenda mwanamume wa dunia hii, na mikanda yake ikaonyeshwa katika mabanda ya video mpaka ikaisha sauti.

Kwa nini alikuja wakati huo, na kwa nini alikuja kama mchumba? Wapo wanaosema tuliiga filamu za Nigeria. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mtu haigi kitu kisichomwasha. Mimi jibu langu nililipata katika soko kama lile la Kibaigwa. Katika miaka hiyo ya soko huria watu walianza kuona jambo ambalo wazazi wao hawakuliona: jirani analala maskini na kuamka tajiri, wala hakuna ajuaye amefanya nini. Mkulima anajua gunia linatoka wapi, maana mgongo wake unamwambia. Hajui bei inatoka wapi. Bei inakuja kwa simu na inaondoka kwa simu. Hadithi ya jini inampa maelezo: mali ile ina mwenyewe, ina masharti, na siku moja itadaiwa. Wenyeji wa Kongwa wana haki ya kuyaelewa haya kuliko wengi wetu. Pale pale kwao Waingereza walileta mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta, reli, na mapesa yasiyohesabika, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimeyeyuka. Kama hiyo si mali ya jini, sijui ni mali ya nani.

Huko nje nako wana mapenzi ya namna hii. Bram Stoker wa Ireland aliandika Dracula mwaka 1897, mtu wa kasri anyonyaye damu, wa kuogopwa. Baada ya miaka zaidi ya mia moja, mwaka 2005, Mmarekani Stephenie Meyer akaandika Twilight, na mnyonya damu akawa mchumba wa msichana wa sekondari, na vitabu vikauzwa mamilioni kwa mamilioni. Sisi pia tulikuwa na mnyonya damu wetu, mumiani, ambaye babu zetu walimwogopa wakati wa ukoloni na kusema anatembea usiku na gari la zimamoto au la hospitali. Lakini mumiani hakuna aliyepata kumpenda. Yule alikuwa sura ya Serikali ya kigeni, na mtu hamposi karani wa kodi. Jini ni mwingine. Jini anakuja na manukato, anasalimia, anaomba lifti. Madereva wa barabara kuu hii na ile ya Mombasa wote wana kisa cha yule mrembo aliyeshuka mlango wa gari, na alipoinua gauni chini pakaonekana kwato.

Sasa narudi kwa yule mzee na swali lake. Nilisema bibi alikuwa na "Paukwa". Shaaban Robert alikuwa na majina yake, na Abdulla alikuwa na Bwana Msa. Gazeti lina nini? Gazeti lina ukurasa. Upande wa kushoto pana habari ya mtu aliyeuawa Shinyanga, yenye jina la kamanda wa polisi. Upande wa kulia pana jini aliyeolewa Sinza, pana jina la baa, jina la kituo cha daladala, na bei ya chumba. Herufi ni zile zile, wino ni ule ule. Mwishoni pana namba ya simu ya mwandishi, nao wasomaji wanapiga na kutuma ujumbe. Mwandishi mmoja wa hadithi aliniambia kwamba maswali anayoletewa zaidi ni mawili: je, mhusika huyu yuko hai, na je, naweza kupata namba ya mganga aliyetajwa. Kama msomaji haoni mlango, ni kwa sababu mlango umeng'olewa, na waliong'oa ni sisi tunaouza magazeti na vipindi.

Nasema "sisi" kwa sababu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo ambacho sitakitaja, nilikuwa nasoma redioni hadithi ya namna hiyo kila Ijumaa usiku. Mke ni mzuri, ametoka mbali, hana ndugu wanaokuja kumtembelea, hapati mtoto, na mume mambo yake yanamwendea vizuri. Nilisoma kwa sauti nzito, nikiwekewa muziki wa kutisha, na barua zilikuwa nyingi. Moja ilikuwa ya mwanamke. Sitataja alipoandikia. Alisema yeye ni mgeni katika kijiji cha mumewe, hajajaliwa mtoto, na kwamba tangu hadithi ile ianze mawifi zake wanamwita kwa jina la yule jini wa redio. Mwanzo ilikuwa utani. Sasa watoto wamekatazwa kula kwake. Aliniuliza kama nawezaje kusema redioni kwamba yule wa kwenye hadithi si yeye.

Nilimwonyesha mkubwa wangu barua hiyo. Alicheka, akasema hiyo ni dalili kwamba kipindi kinasikilizwa. Nami sikusema chochote redioni. Nilisoma sehemu iliyofuata, na iliyofuata, mpaka mwisho, ambapo yule mke alifukuzwa kwa maombi na moto. Barua nyingine kutoka kwake haikuja.

Watu wazima mnajua kwa nini nalikumbuka jambo hili. Katika nchi hii sentensi "huyu si mtu" imekwisha ua. Takwimu za Serikali za miaka ya 1970 hadi 1984 zilihesabu watu 3,693 waliouawa kwa kudhaniwa ni wachawi, wengi wao wanawake, na wengi katika mikoa ya Usukumani. Bibi alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia, basi akaambiwa si mtu. Mwaka 1995, Popobawa alipozuka Pemba na kisha Unguja, watu wakalala nje kuzunguka moto, na kijana mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa ndiye. Hao hawakuwa wameisoma hadithi yoyote gazetini. Sisemi hadithi ndiyo iliyowaua, na anayesema hivyo anatafuta mchawi mwingine. Nasema hadithi zetu zinaingia katika nyumba ambamo sentensi ile tayari inakaa, imekunjwa juu ya dari, inangoja mtu wa kuishusha.

Wakati fulani, niliposimulia haya, mwalimu mmoja aliniambia dawa ni kuzipiga marufuku hadithi zote za majini. Sikubaliani naye hata kidogo. Kwanza, atakayezipiga marufuku atawanyang'anya watu wa Kibaigwa kitu pekee wanachokisoma kwa hiari. Yule utingo aliacha shule mapema, kama alivyoniambia mwenyewe, na ufasaha wake wa kusoma ameupata katika kurasa hizo hizo zinazodharauliwa. Pili, hatawafahamu wasomaji wenyewe. Hebu mrejee kwenye ule ubishi wa magunia. Watu wanane walisoma kisa kimoja: mmoja akaona ujinga wa mume, mmoja akaona hatari ya mali ya haraka, mmoja akaona ahadi inavunjwa. Hakuna aliyesema jini afukuzwe kwa moto. Hiyo ilikuwa hukumu ya mwandishi wa hadithi yangu ya Ijumaa, na ilikuwa ni mimi niliyeisoma kwa sauti nzito.

Nilimuuliza yule mama lishe, lori lilipokwisha fika na watu wametawanyika, kwa nini anamtetea jini. Alikuwa anaosha sahani. Aliniambia yeye mwenyewe alikuja Kibaigwa miaka mingi iliyopita kutoka upande wa Kondoa, akifuata mume, na kwamba siku ya kwanza mama mkwe wake alimwuliza maswali yale yale: wewe ni mtoto wa nani, na kwenu ni wapi. Alijibu, lakini hakuaminiwa mpaka alipozaa.

"Sasa yule wa gazetini hata kujibu kakatazwa," akasema. "Atafanyaje?"

Nikamwuliza anadhani juma lijalo itakuwaje, mama akishafunguliwa mlango. Akafikiri kidogo. Akasema akiwa mwandishi ni mwanamume, mama ataanguka azimie. Akiwa mwanamke, jini atampa kiti mama mkwe na kumletea maji ya kunywa.